Diski ya Tano

Diski ya tano ilianza kugonga kabla ya adhuhuri, kazi ya kujaza diski mpya ikiwa imefika katikati.

Tusekile aliisikia kabla skrini haijasema lolote. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya Ghala akisafisha feni kwa brashi, akasikia mlio mdogo kama ukucha unaogonga bati. Ulikoma, ukarudi. Aliweka brashi chini, akavigusa visanduku vya diski kimoja baada ya kingine kwa kiganja. Cha tano kilikuwa cha moto.

Alimwita Gwamaka kwa sauti ya kawaida, maana ukumbi ule ulikuwa na mwangwi na nje kulikuwa na watu. Gwamaka ndiye aliyekuwa mhandisi mkuu wa Ghala, mtu mnene asiyependa maneno mengi, na walikuwa wamelitunza pamoja tangu siku lilipowashwa. Alikuja, akainama, akasikiliza. Kisha aliinuka. Alikwenda moja kwa moja kufungua madirisha yote ya upande wa mlimani ili baridi iingie.

Zamani hapo palikuwa kiwanda cha chai cha Ilolelo. Mashine za kukaushia majani zilishaondolewa, ikabaki harufu yake na vumbi lake, vumbi jekundu jepesi ambalo kila mwaka lilitoka kwenye nyufa za dari na kwenda kukaa ndani ya feni. Katikati ya ukumbi lilisimama Ghala lenyewe, kabati la chuma lenye seva moja na diski nane, za aina ile ya kale inayozunguka. Waliokuwa wakizitengeneza waliacha kitambo. Ndani ya kabati hilo mlikuwa na maisha ya nusu ya watu wa Ilolelo.

Si kila aliyepatwa na homa ya ukungu alikufa. Wengi waliinuka kitandani, wakala, wakatembea, lakini ubongo wao ulikuwa umepoteza uwezo wa kushika jambo likavuka usingizi mmoja. Walilala na majina ya watoto wao, wakaamka bila hayo. Ndipo vikaja vipuli, vifaa vidogo vya kuvaa nyuma ya sikio. Kabla homa haijamaliza kazi yake, madaktari walichota kumbukumbu za wagonjwa wakaziweka Ghalani, na tangu hapo kila alfajiri kipuli kilimrudishia mtu maisha yake, na kila usiku kilipeleka Ghalani siku aliyoiishi. Mtu akitaka kuikumbuka harusi yake, kipuli kiliifuata Ghalani, kikamletea, kikaishika mpaka alipolala.

Diski moja ikifa, saba zilizobaki ziliweza kukokotoa kilichokuwamo, kama ndugu saba wanavyoweza kukuambia alivyokuwa wa nane. Zikifa mbili kwa pamoja hakuna hesabu inayosaidia. Diski ya tatu ilikuwa imekufa juma lile. Tusekile na Gwamaka walichomeka ya akiba, ambayo ndiyo ilikuwa ya mwisho, na alfajiri wakaanza kuijaza. Mpaka ijae, Ghala lilikuwa halina kinga yoyote. Ghala pacha, lililokuwa ng'ambo ya mlima, lilifukiwa na maporomoko ya mvua za mwaka juzi.

Kwa hiyo mtandao ulikuwa umekatwa, na wenye vipuli walikuwa wameombwa jambo moja tu: wasilale mpaka jioni, maana atakayelala mtandao ukiwa umekatwa ataamka bila kumbukumbu yoyote. Daktari Lugano, mama mwenye sauti laini aliyesimamia vipuli vyote, aliwakusanya uwanjani akawaeleza kwamba mtandao ukiwa umekatwa vipuli haviandiki kitu, na hivyo siku ya leo haitahifadhiwa. Watakachokifanya leo, kesho hawatakijua. Watu walicheka kidogo kwa wasiwasi. Kufikia saa nne mama mmoja alikuwa ameshamwambia wifi yake yote aliyoyaweka moyoni miaka mingi, na wanaume wawili waliokuwa hawasalimiani walikuwa wamekaa benchi moja wakimenya ndizi.

*

Mstari wa kijani uliokuwa ukisogea kwenye skrini tangu alfajiri ulisimama mara baada ya chakula cha mchana. Chini yake yakatokea maneno ambayo Tusekile aliyaandika mwenyewe miaka tisa iliyopita, akiomba asiyaone kamwe. Sehemu haisomeki. Jaribu tena, au ruka.

Alikuwa peke yake. Gwamaka alikuwa chumba cha umeme, akihakikisha mtambo wa kule mtoni hautetereki. Tusekile alibonyeza ili aone sehemu hiyo ni ya nani, maana mara nyingine huwa ni nafasi tupu, na nafasi tupu unairuka bila kumuumiza mtu.

Lilikuwa jina la mumewe. Ambakisye Mwakalobo. Chini ya jina yalikuwapo majira na mahali: juma la mwisho la karantini, shule ya msingi.

Juma hilo ndilo Bupe alilokufa. Alikuwa mtoto wao wa pekee, mwenye miaka sita, na alifia katika darasa lililogeuzwa wodi. Ambakisye alikuwa kitanda cha pili, naye akiwa mgonjwa. Tusekile hakuwapo. Alikuwa ndani ya ukumbi huu huu akifunga diski. Aliyevuka kamba ya karantini kwenda kwa wagonjwa hakuruhusiwa kurudi, na bila yeye Ghala lisingewashwa kwa wakati, na kumbukumbu za wote wale zingeliwa na homa kabla hazijapata pa kuwekwa. Alibaki. Tangu hapo hakuwahi kumuuliza mumewe ilivyokuwa, na mumewe hakuwahi kusema. Walikuwa wameishi miaka tisa wakilizunguka jambo hilo kama watu wanaozunguka shimo lililo katikati ya ua.

Mkono wake ulikwenda kwenye kibodi. Akabonyeza Jaribu tena.

Diski ya tano ilinguruma. Ndani yake ule mkono mwembamba wa kusomea ulihangaika kutafuta mahali palipochakaa, ukagonga, ukarudi. Haisomeki. Alibonyeza tena, na safari hii mlio ulikuwa kama kisu kinachoburuzwa juu ya sahani. Alijua maana yake. Kila jaribio lilikuwa linakwaruza, na likikwaruza vya kutosha diski nzima itakufa, na ya tatu bado haijajaa. Kila mtu aliyekuwa pale nje akipigana na usingizi angeamka kesho asiyejua hata jina lake. Alijua yote hayo, na akabonyeza mara nyingine.

Gwamaka alimshika kifundo cha mkono. Alikuwa amekuja mbio kutoka chumba cha umeme, anahema.

"Umejaribu mara ngapi?"

Tusekile aliinua vidole vitatu.

"Mama yangu yumo humo," Gwamaka alisema. "Wote wamo humo."

Alimwachia mkono taratibu, akasoma skrini. Alisoma jina, akasoma majira, kisha akavuta kiti akaketi, kwa sababu naye alikuwapo siku zile, na ndiye aliyemkuta Tusekile na bisibisi mkononi akampa habari ya Bupe. Diski iligonga tena. Kisha Gwamaka akasema kwa upole kwamba hapana njia nyingine, lazima sehemu hiyo iachwe. Hawawezi hata kuizima ipoe, maana diski kuukuu kama ile ikisimama haizunguki tena. Kadiri inavyosubiri ndivyo inavyozidi kupata moto.

Tusekile alimkumbusha kanuni waliyoiandika wawili wao kabla Ghala halijawashwa: kumbukumbu ya mtu aliye hai haiachwi mpaka mwenyewe aulizwe. Gwamaka alijibu kwamba kanuni ile ilihusu kufuta, na hapa hakuna anayefuta. Ni kitu kimeharibika. Tusekile akasema kwamba kwa mwenye kumbukumbu hakuna tofauti. Wakatazamana. Gwamaka aligeuza macho kwenye kipimajoto kilichokuwa ubavuni mwa kabati.

"Nenda kamuulize," alisema. "Lakini ikifika kwenye alama nyekundu nitabonyeza mwenyewe. Utanichukia, lakini nitabonyeza."

Mlangoni Tusekile alikutana na Daktari Lugano, ambaye alikuwa ameona madirisha yakifunguliwa yote kwa pamoja na kuja kujua kuna nini. Tusekile alimweleza kwa maneno machache huku akitembea, na Daktari akamfuata. Alisema kwamba shimo litakaloachwa ni baya kuliko linavyoonekana. Ghala halihifadhi jambo moja mara mbili. Kila Ambakisye alipoikumbuka siku ile katika miaka hii yote, Ghala liliweka alama tu ya kuelekeza pale pale, na sasa alama zote zitaelekeza kwenye utupu. Atamkumbuka Bupe akiwa hai mpaka mlango wa lile darasa. Ataikumbuka miaka iliyofuata, na ukimya wa nyumba, bila kujua ukimya huo umetoka wapi. Ataamka kesho akimtafuta mtoto.

Kisha Daktari alipunguza mwendo, akamshika mkono. Ipo njia, alisema. Anaweza kusafisha: kumtoa mtoto mahali pote alipo, tangu kuzaliwa, na kushona kingo ili mtu asihisi pengo. Alishawafanyia wengine wawili hapa Ilolelo, kwa ridhaa ya ndugu zao, na wanalala vizuri.

"Atakuwa mtu ambaye hakuwahi kupata mtoto," Daktari alisema. "Wewe utabaki na wa kwako. Si lazima mteseke wawili."

Tusekile alitoa mkono wake akaendelea kutembea.

*

Ambakisye alikuwa seremala kabla ya homa, na bado alikuwa seremala, kwa kuwa mikono yake haikuhitaji Ghala. Alikuwa amebeba benchi lake la kazi hadi kwenye banda la kupakilia, anapiga randa ubao wa mzinga wa nyuki, na wazee walikuwa wameketi kumzunguka kwa sababu kelele ziliwasaidia wasisinzie. Mama yake Gwamaka alikuwa miongoni mwao, ameshikwa mikono huku na huku na wajukuu, kila kichwa chake kilipoinama walimwimbisha.

"Mama Bupe," Ambakisye alisema alipomwona. Yeye peke yake ndiye aliyebaki akimwita hivyo. Wengine waliacha baada ya msiba, wakidhani wanamwonea huruma.

Tusekile alimpeleka nyuma ya banda, penye magogo, akamweleza kila kitu. Hakupunguza neno. Alimwambia diski ya tano inakufa, mahali palipoharibika ni pake, ni juma lile. Alimwambia kwamba amejaribu kuisoma kinyume cha akili, na kwamba ipo nafasi, ndogo sana, ya kuipata wakijaribu tena.

Ambakisye aliuliza kuhusu watu wengine. Tusekile akamwambia. Mumewe aligeuka kuwatazama wale wazee kupitia nafasi za mbao, yule bibi na wajukuu wake, na hakuchukua muda.

"Rukeni," alisema.

Kisha Tusekile alimweleza kuhusu kusafisha. Hapo Ambakisye alikaa juu ya gogo. Aliondoa maranda yaliyonasa kwenye mikono yake moja moja, na Tusekile, aliyekuwa akikifikiria kipimajoto, hakuthubutu kumharakisha. Moyoni mwake alikuwa ameanza kuona kwamba Daktari hakukosea. Angeweza kumwona mtu huyu akiamka mwepesi, akiimba kama zamani, na mzigo ukabaki kwake yeye ambaye labda alistahili kuubeba.

"Nilikuwa na mtoto," Ambakisye alisema. "Nitaamkaje kesho niwe sikuwa naye?"

"Utaamka ukimuulizia."

"Basi utaniambia."

Tusekile alipendekeza arekodi maneno yake kwenye simu, ajiambie mwenyewe. Alikataa. Alisema hataki kusikia sauti yake ikimweleza jambo asilolijua, kama mtu anayepigiwa simu na mzuka wake. Alitaka aambiwe na yeye. Ila asiambiwe akiwa bado kitandani. Amwache kwanza anywe chai, ili walau awe ameketi kwenye kiti na kuna kitu tumboni.

Tusekile alikubali, akageuka kukimbia. Ambakisye akamshika kanga.

"Kaa kidogo. Leo bado ninayo. Niliiita alfajiri kabla hamjakata mtandao. Huwa naiita kila siku, kabla hujaamka."

Tusekile alimweleza kwamba joto linapanda. Akasema anajua. Tusekile alitazama upande wa kiwanda, akaketi.

Ambakisye alisimulia akiwa amefumba macho, taratibu, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Siku ile ya mwisho homa ya Bupe ilikuwa imeshuka, na wote wodini walidhani amepona. Alilalamika kwamba blanketi linamwasha. Aliomba parachichi lenye chumvi, likapatikana, akala vijiko viwili akasema halijaiva. Aliuliza mama yuko wapi, naye akamjibu mama yuko kazini. Aliuliza tena. Mchana kukawa na jua, vumbi la chaki likionekana hewani, na mlango ukafunguliwa akaingia muuguzi, amevaa yale mavazi meupe ya kujikinga, kila kitu kimefunikwa, yanaonekana macho tu. Bupe aliinua kichwa.

"Akasema, mama umekuja." Ambakisye alifungua macho. "Yule muuguzi akanitazama mimi. Nilishindwa kusema kitu. Basi akaketi kitandani, akamwambia, nimekuja mwanangu."

Alikaa naye muda mrefu. Walimwita kutoka vitanda vingine hakwenda. Bupe alimweleza kuhusu jino lake lililolegea, akafungua mdomo alionyeshe, na yule mama akaliangalia kwa makini, akauliza kama linauma. Halafu mtoto akasinzia, ameshika kidole kimoja cha ile glavu. Hakuamka. Yule muuguzi hakuondoa mkono wake mpaka Ambakisye alipomwambia kwamba inatosha. Hakulijua jina lake, na baada ya juma lile hakumwona tena.

"Sikukuambia," alisema, "kwa sababu niliogopa utaona kuna mtu alikaa mahali pako."

Ndivyo Tusekile alivyoona. Kilichompanda kwanza kilikuwa wivu, wa moto, usio na haya, juu ya mwanamke asiye na uso aliyeitikia jina lisilo lake. Alitaka kumnyang'anya dakika zile. Papo hapo alitaka kumpigia magoti. Alikaa tu na mikono ya mumewe kwenye mapaja yake, ikiwa imejaa unga wa mbao.

Kutoka dirishani Gwamaka aliita jina lake, mara moja.

*

Alipoingia ukumbini kipimajoto kilikuwa kimegusa alama nyekundu. Gwamaka alikuwa amesimama mbele ya kibodi, kidole kimenyooka, jasho linamtiririka ingawa baridi ya mlima ilikuwa imejaa ndani. Hakuwa amebonyeza. Tusekile alimwambia kwamba mwenyewe ameulizwa na amejibu, halafu akamwomba amwachie.

Alibonyeza Ruka.

Hakikutokea chochote cha kuona. Jina la Ambakisye lilitoweka kwenye skrini, mstari wa kijani ukatetemeka, ukasogea. Ule mkono mdogo ndani ya diski ulivuka mahali palipochakaa na kuanza kusoma mbele yake, maisha ya mtu mwingine.

Mchana ule wote hawakuzungumza isipokuwa kwa mambo ya kazi. Walipeana zamu ya kupepea kisanduku cha tano kwa kipande cha boksi. Mara mbili ule mlio ulirudi, na mara zote mbili Gwamaka aliweka paji la uso kwenye chuma cha kabati akasimama hivyo mpaka ulipokoma. Nje waliimba, halafu wakachoka kuimba, halafu wakaanza kupiga ndoo. Mtoto mmoja alikuja mlangoni kusema babu yake amefumba macho na haitiki, na Daktari Lugano akatoka mbio na ndoo ya maji; walimsikia mzee akimtukana kwa jina, wakapumua.

Jua lilipokuwa linazama mstari ulifika mwisho. Diski ya tatu ilikuwa imejaa. Diski ya tano ilikuwa bado inazunguka, mbovu, lakini sasa hata ikifa isingekufa na mtu. Gwamaka aliunganisha mtandao, na pale nje nyuma ya kila sikio taa ndogo zikawaka. Mtu mmoja alianza kupiga makofi, wengine wakamfuata, kisha wakachukua mabenchi yao na kwenda kulala, kijiji kizima, mapema kama kuku.

Gwamaka alibaki akifunga madirisha. Alisema itabidi wahamishe kila kitu kwenye mashine nyingine kabla ya masika, hata kama ni kwa kutembea wilaya nzima wakiomba. Tusekile alisema ndiyo. Alipokuwa anatoka, Gwamaka alimwita kwa jina ambalo hakulitumia miaka tisa. Mama Bupe, alisema, pole.

*

Asubuhi Tusekile aliamka kabla ya mumewe, akawasha moto, akabandika maji. Alitia tangawizi. Alitia majani. Alisikia kitanda kikilia, kisha kimya kirefu.

Wakati maji yanachemka alikuwa anafikiri jambo ambalo lilimjia njiani jana akirudi nyumbani na halikumwachia. Siku ya jana haikuhifadhiwa. Ambakisye hakujua kwamba amewahi kumsimulia mtu. Duniani kote habari ya darasa lile ilikuwa imebaki kwa Tusekile peke yake, na chochote atakachokisema asubuhi hii kipuli kitakiandika, na kitakaa Ghalani miaka yote iliyobaki kama jambo lililotokea. Mtu mwenye mavazi meupe hakuwa na uso. Ilikuwa rahisi mno kumpa uso. Angesema alivuka kamba. Angesema aliingia mlangoni, mtoto akainua kichwa. Mumewe angepata faraja, na yeye angekuwa na mtu mmoja duniani anayeamini kwamba alikuwapo, na pengine baada ya muda wangekuwa wawili.

Ambakisye alikuja jikoni akiwa ameshika ukuta. Alitazama kona ambayo zamani kulikuwa na kiti kifupi, akatazama mlango, akamtazama yeye.

"Mama Bupe," alisema. "Bupe yuko wapi?"

"Keti," alimwambia. "Kunywa chai kwanza."

Aliketi. Tusekile alimmiminia. Mumewe alikunywa polepole, bila kuondoa macho usoni pake, na kabla kikombe hakijaisha alikuwa ameshaelewa kwamba hakuna habari njema inayosubiri chai iishe. Hata hivyo alikinywa chote. Alikiweka chini, akaweka mikono yake miwili mezani.

Tusekile akamwambia. Alianza kwa kusema kwamba Bupe alikufa, ili asimwache akining'inia, na akangoja. Ambakisye aliinamisha kichwa hadi kikagusa meza, akalia kama mtu aliyefiwa dakika hiyo, maana ndivyo ilivyokuwa kwake. Tusekile alimshika mabega mpaka alipoinuka na kutaka kujua ilikuwaje. Basi akamsimulia darasa, blanketi lililowasha, parachichi ambalo halijaiva. Alimwambia jinsi mtoto alivyouliza mama yuko wapi, mara ya kwanza na mara ya pili. Alimwambia kuhusu jua na vumbi la chaki, na mlango uliofunguliwa, na mtu aliyeingia amefunikwa mavazi meupe.

"Bupe akainua kichwa," alisema. "Akasema, mama umekuja."

Ambakisye alisogea mbele, uso umelowa, na machoni mwake kulikuwa na matumaini makubwa kiasi kwamba Tusekile alitamani kutazama chini.

"Ulikuwa wewe?"

Nyuma ya sikio lake taa ya kipuli iliwaka na kuzima, ikisubiri.

"Hapana," Tusekile alisema. "Alikuwa muuguzi. Mimi nilikuwa kiwandani, nafunga diski. Sikuja."

Alitarajia aondoe mikono yake. Ambakisye aliiacha pale pale mezani. Alikaa akimtazama muda mrefu, mpaka moto ukaanza kufifia mafigani, na Tusekile hakuyakwepa macho hayo, ingawa hakujua yatamaliza kwa kumsamehe au la.

Kisha Ambakisye alifuta uso kwa kiganja.

"Anza tena," alisema. "Anzia mlangoni. Nieleze huyo mama alivyoketi."

Tusekile alivuta kiti karibu naye, akaanza tena.